Bango la duka: "stationery" au "stationary"?

SWALI: Ndugu Mhariri, natarajia kufungua duka la madaftari, kalamu na huduma ya kutoa kopi hapa Mwanga, mjini Kigoma. Fundi wa mabango ameandika kwanza kwa penseli neno "STATIONARY" ili nilikague kabla hajapaka rangi. Mpwa wangu aliye kidato cha tatu anasisitiza kwamba herufi ya tatu kutoka mwisho iwe "e", lakini fundi anasema amekwisha kuchora mabango mengi ya namna hiyo na hakuna mteja aliyelalamika. Nimfuate nani? – Msomaji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, mfuate mpwa wako, na umefanya vema kuuliza kabla rangi haijapakwa. Karatasi, kalamu, bahasha na vifaa vingine vya kuandikia huitwa "stationery". Neno "stationary" nalo ni Kiingereza sahihi, ila ni sifa ya kitu kilichosimama au kisichoondoka mahali pake: treni inayosubiri abiria katika stesheni ya Kigoma ni "stationary", na ikishaanza safari ya kuelekea Tabora sifa hiyo inaikoma. Fundi wako, kwa hiyo, ameandika neno jingine kabisa.

Kuchanganya maneno haya si jambo la kushangaza, kwa kuwa yametoka katika shina moja la Kilatini lenye maana ya kusimama, ambalo ndilo lililozaa pia neno stesheni. Katika Ulaya ya zama za kati, wachuuzi wengi walitembeza bidhaa zao kutoka mji hadi mji, lakini wauzaji wa vitabu, hasa waliokuwa karibu na vyuo vikuu, walikuwa na vibanda vya kudumu, na kwa sababu hiyo wakaitwa kwa jina lililomaanisha mtu mwenye kituo. Kwa Kiingereza mfanyabiashara huyo akawa "stationer", na mjini London watu wa kazi hiyo walikuwa na chama chao tangu mwaka 1403. Bidhaa zake ndizo zilizokuja kuitwa "stationery".

Hapo ndipo penye kanuni ya kushika. Chukua jina la mtu, "stationer", uongeze "y" mwishoni, nayo "e" itabaki mahali pake. Ndivyo "baker" anavyotoa "bakery" na "grocer" anavyotoa "grocery", maneno yaliyotupatia bekari na grosari, ingawa grosari za miji yetu zinajulikana zaidi kwa vinywaji.

Sikio halitakusaidia katika jambo hili, maana Waingereza huyatamka maneno yote mawili kwa namna moja, na irabu inayoyatofautisha huidhoofisha au kuimeza kabisa. Sisi tuna mtego wa ziada. Kwa Kiswahili tunasema steshenari, "a" ikisikika wazi, na mkono uliozoea kuandika neno kama linavyotamkwa huihamishia "a" hiyo kwenye bango la Kiingereza. Tunaamini kosa hili limeenea zaidi kwa sababu hiyo kuliko kwa uzembe wa mafundi. Ukipenda kuandika kwa Kiswahili, "Steshenari" yenye "a" ni sawa kabisa. Lisilofaa ni kuchukua tahajia ya Kiingereza na kuitia irabu ya Kiswahili.

Usikubali pia "stationeries", kwani katika Kiingereza sanifu neno hili halina wingi, hata duka likijaa bidhaa hadi darini.

Mwisho, kama jina la biashara yako limekwisha kusajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, likiwa na "a", usibadilishe bango peke yake, kwa sababu litatofautiana na cheti. Omba kwanza marekebisho ya jina, kisha umruhusu fundi apake rangi.