Kujituma kazini: hulka yako au kazi uliyopewa?

*Mimi ni karani wa stoo hapa Nakuru. Mkubwa wangu huniita mzembe kwa kuwa nangoja kuagizwa. Nyumbani harusi na matanga yote hupangwa na mimi. Nina kasoro gani?*

Ndugu yangu, mtu anayebeba harusi nzima si mzembe. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Thomas Bateman na Michael Crant, walitunga maswali 17 ya kupima hulka ya kujianzia mambo bila kusukumwa. Hulka hiyo ipo, na naamini unayo. Ila hulka hiyo inahitaji kazi inayokufaa, na kufaa kuna pande mbili: kazi iutake ujuzi ulio nao, nayo ikupe unachokitafuta. Huenda upande wa pili ndio uliokauka. Kumbuka mara ya mwisho ulipotoa wazo: ulijibiwaje? Aliyekaripiwa mara mbili hujifunza kunyamaza. Anza na jambo lisilohitaji ruhusa, kama kusogeza karibu na mlango bidhaa zinazotoka upesi, kisha mwonyeshe mkubwa muda uliookolewa.

*Nina saluni Kondele, Kisumu. Msichana mmoja hujituma, mwingine mpaka nimfokee. Nimfute?*

Usimfute, dada. Kama ni mpole na umemweka mlangoni kuita wateja, unamtesa. Mpe kusuka na kuhesabu mafuta na nywele zilizobaki, kwa mwezi mmoja, bila kumfokea.

*Nauza omena Dunga. Je, kujituma hufundishika, au ni kuzaliwa nako?*

Hufundishika, mama, na ushahidi uko Afrika. Huko Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Moja lilifundishwa kujianzia mambo: kutangulia wengine, kutazama mbali, kutorudi nyuma kwa vikwazo. La pili lilifundishwa biashara kwa njia ya kawaida, la tatu halikufundishwa. Matokeo yalitoka 2017: faida ya kundi la kwanza ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na lile lisilofundishwa, mafunzo ya kawaida hayakuleta tofauti ya kuaminika. Kwako wewe, kutazama mbali ni kujua Machi utauza nini uvuvi wa omena ukifungwa Aprili.

*Mimi ni muuguzi Kakamega. Nikianzisha jambo wodini, wenzangu huniita kimbelembele.*

Waulize kabla hujaanza. Huenda mpango wako mzuri unamwongezea mwenzako wa zamu ya usiku kazi, naye hakuambiwa.