Barua kwa mwanangu: kozi au mtihani

Rau, Moshi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nje nikakaa chini ya mparachichi, maana kaka yako angeona uso wangu angeanza maswali. Nimeelewa. Barua ya mamlaka ya jimbo huko Ujerumani imefika, wamelinganisha masomo yako ya uuguzi ya huku na ya kwao wakakuta pengo, na sasa uchague mwenyewe: uingie kozi ya kuziba pengo au ufanye mtihani wa ujuzi. Ukaniuliza, "Mama, nichukue kipi?"

Nitafika huko. Lakini kuna neno ulilisema haraka haraka, ukalipita, nami nimebaki nalo tangu Alhamisi. Ulisema, "Miaka saba leba, Mama, leo naambiwa nina pengo." Hilo ndilo linalokuuma, na hilo nalijua kuliko hiyo kozi.

Unajua kwamba nilianza na cheti. Unajua pia zahanati ile ya juu, ulikulia mgongoni mwangu kule. Lakini sidhani kama nimewahi kukusimulia vizuri mwaka nilioteremka kusoma stashahada. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa analijua jambo lile, na tukikaa na watu alikuwa akinitazama nisilianzishe.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka 11. Nimezalisha kwa taa ya chemli, nimetafuta mishipa ya watoto walioishiwa maji mpaka nikaipata kwa kidole bila kuiona. Nikaenda kukaa darasani na mabinti waliotoka kumaliza kidato cha nne. Hilo halikunisumbua, mabinti wale walinipenda, waliniita Mama na mmoja hadi leo hunipigia Krismasi. Kilichonisumbua ni mtihani wa vitendo.

Nilipewa mzee wa Kibosho mwenye kidonda cha mguu, nikisafishe na kukifunga. Kazi niliyoifanya mara ngapi? Nikaingia, nikamwamkia, mzee akanikazia macho, akasema kwa sauti ya wadi nzima, "Sista, si wewe uliyemzalisha mkwe wangu usiku ule wa mvua?" Nikamwambia ni mimi. Akafurahi, akaniuliza mbona leo nasimamiwa kama mtoto. Nami nikacheka naye kidogo, nikanawa, nikaanza. Kidonda kile nilikisafisha vizuri, mwanangu. Ningeweza kukionyesha kwa daktari yeyote.

Mkufunzi alikuwa kijana, pengo la miaka kumi chini yangu, ana karatasi yake kwenye kibao. Akanisimamisha katikati. Hukujitambulisha jina na cheo. Hukumweleza mgonjwa unachotaka kufanya. Hukuomba ridhaa yake. Na mwisho wa karatasi akaandika, nami niliona kwa macho yangu, "Anazungumza na mgonjwa mambo yasiyohusu." Nikafeli. Mbele ya mabinti wale, na mbele ya mzee yule ambaye mkwe wake nilimtoa mtoto akiwa ametanguliza miguu.

Nilirudia baada ya wiki sita. Nilisema kila hatua kwa sauti, jina langu, cheo changu, naomba ridhaa yako, sasa nanawa mikono, sasa navaa glavu. Nikafaulu. Lakini sikwenda kumshukuru mtu, na yale maneno "mambo yasiyohusu" mpaka leo yananirudia nikiosha vyombo. Mzee anayekutambua, anayekwambia asante kwa uhai wa mjukuu wake, hilo halihusu? Linahusu nini basi?

Na bado, ngoja niseme na upande wa pili, maana nimestaafu na sina sababu ya kudanganya. Tangu siku ile sikuwahi tena kumgusa mgonjwa kabla ya kumtajia jina langu. Na niliona tofauti. Kina mama waliokuwa wanaogopa leba walikuwa wananiita kwa jina badala ya kupiga kelele tu. Yule kijana alikuwa na haki kuhusu jina na ridhaa. Alikosea kuhusu mzee. Yote mawili ni kweli, na imenichukua miaka mingi kuyaweka kwenye sentensi moja.

Ndiyo maana huwa nawaambia nyie: kozi haifundishi kazi, inafundisha nyumba. Unakumbuka nilivyoolewa Machame mimi Mrombo. Kichaga chao sikukielewa wiki nzima. Ndizi nilizimenya tangu utotoni, lakini bibi yako alikichukua kisu mkononi mwangu akanionyesha upya, nianzie wapi, maganda niyaweke wapi ng'ombe wasisumbuke. Nililia usiku ule. Baadaye nikaona kwamba hakunifundisha kumenya. Alinifundisha kihamba chake, yaani shamba lile la nyumbani, nani anakula kwanza, maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yanakuja zamu yetu siku gani. Hayo nisingeyajua kwa akili yangu, hata ningekuwa hodari namna gani.

Sasa itazame hiyo nyumba uliyoingia. Huku wewe unaweka dripu, unazalisha, unashona, na kumwogesha mgonjwa na kumlisha ni kazi ya ndugu zake waliolala ukumbini na mabakuli ya mtori. Kule umeniambia mshipa mara nyingi anatafuta daktari, kuzalisha ni kwa mkunga, na muuguzi ndiye anayeogesha, anayegeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, na anayeandika kila kitu kwenye faili. Kwa hiyo walipopima saa zako wakakuta upungufu kwenye malezi ya wazee, hawakusema hujui kazi. Walisema wazee wao hujawahi kuwalea, na ni kweli, hujawahi. Nani huku alikupa mzee umwogeshe wakati ana mabinti wanne mlangoni?

Basi kozi au mtihani. Nimemwomba kaka yako anisomee tena ulichotuma. Mtihani una sehemu ya kuongea, dakika 45 hadi 60, na sehemu ya vitendo yenye hali za kuhudumia mgonjwa kuanzia mbili hadi nne, kila moja isizidi dakika 120. Ukianguka sehemu fulani unarudia mara moja tu. Kozi ni ya kukaa wodini na darasani, kisheria inaweza kufika hata miaka mitatu kulingana na ukubwa wa pengo, na mwisho wake ni mazungumzo juu ya yale uliyojifunza. Kwa vyovyote Kijerumani chako lazima kifike B2, kile kiwango cha juu ya kati. Rafiki yako wa Uingereza hakupewa hata nafasi ya kuchagua: kwanza mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo wenye vituo 10, basi. Wewe angalau umeulizwa.

Moyo wangu unakimbilia kozi. Unajua kwa nini, nimeshakusimulia. Mtihani unakukuta siku moja, na siku hiyo anaweza kutokea mzee akakutambua. Kozi inakupa miezi ya kuona wanavyobisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa, wanavyomwita, wanavyoandika. Kozi inafundisha nyumba.

Lakini najijibu mwenyewe: hizo ni hofu zangu, si zako. Wewe kwenye mitihani ni mtulivu kama baba yako. Na kila mwezi unaokaa kwenye kozi ni mwezi wa mshahara wa msaidizi, huku mikono ni ya muuguzi kamili. Ada ya kaka yako usiiingize kwenye hesabu hii, hilo nalisema kwa nguvu, hapa tuna kahawa na tuna kodi ya vyumba viwili. Pesa isikuchagulie. Lakini uchovu je? Mwaka mzima wa kuitwa mwanafunzi na watu uliowazidi zamu za usiku, utauweza? Mimi niliuweza kwa sababu nilikuwa narudi jioni kwenu. Wewe unarudi kwenye chumba.

Hapa niliandika jibu, nikalifuta. Nikaliandika tena, nikalifuta. Nikikuambia kozi, kisha ikawa ndefu, utanivumilia kimya kimya, nakujua. Nikikuambia mtihani, ukafeli, sitajisamehe. Kwa hiyo sitasema, ingawa nadhani umeshasikia.

Ila fanya hili kabla ya kujibu barua yao. Nenda kwa yule msimamizi wa wodi uliyesema ana subira, umwombe akusimamie siku moja ukimhudumia mgonjwa mmoja tangu asubuhi, kuoga, dawa, kuandika, kila kitu, naye akae kimya kama mtahini. Halafu akuambie ukweli bila huruma. Ukiona makosa yako ni ya lugha tu na ya karatasi, hayo unaweza kuyanoa kwa miezi. Ukiona kila dakika unakisia wanavyotaka, basi unajua pengo liko wapi. Na akikukosoa kwa kuongea na mgonjwa, msikilize, halafu endelea kuongea naye.

Karatasi ya saa za masomo uliyoomba nimeifuatilia chuoni. Wamesema niende Jumatano, mhuri uko kwa mtu aliyesafiri. Cheti chako cha usajili cha Baraza la Uuguzi na Ukunga nimekitoa kwenye sanduku la bati, nimekifunga kwenye plastiki. Uniambie kama mtafsiri wako aliyeapishwa anataka nakala au cheti chenyewe, maana chenyewe sipendi kukiweka kwenye bahasha.

Tafadhali nijibu mimi kabla hujawajibu wao.

Mama yako