Mtaro wa mvua hauna chujio: kwa mnaoanza kazi ya mitaro Arusha

Kabla hujashika koleo, jua maji yanakwenda wapi. Yanayoingia mtaro wa barabara hayapiti kwenye mabwawa ya majitaka. Yanaingia mito ya Naura, Ngarenaro au Themi yalivyo, na Themi nayo inamwaga mto Kikuletwa, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua samaki.

Kagua mvua ikinyesha. Mtaro mkavu hudanganya. Anzia juu, upande wa Ilboru, ushuke na maji ukiangalia yanapobadilika rangi: hapo ndipo tope linapoingia, na kazi ianzie hapo, si kwenye kalavati lililoziba huku chini Unga Limited.

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ua wa zege wa mita za mraba 2,000, mvua ya milimita 60 kwa saa, asilimia 90 ikitiririka: 2,000 × 60 × 0.9 ÷ 3,600 = lita 30 kwa sekunde. Ua huohuo ukiwa na nyasi na asilimia 30 tu ikitiririka, ni lita 10. Kila anayemwaga zege uani anamwongezea jirani wa chini mzigo, na kalavati halipanuki.

Mji huu umelala kwenye mteremko wa Meru, hivyo shida kubwa ya mitaro ya udongo ni kasi. Weka vizuizi vya mawe. Nafasi kati yao ni kimo ugawanye kwa mteremko: kizuizi cha sentimita 30, mteremko wa asilimia 5, ni mita 6. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko kingo zake kwa sentimita 15 hivi. Hili ndilo linalosahaulika zaidi: juu pakiwa sawa, maji hukata ukingo na kuzunguka, na mvua mbili baadaye mawe yanabaki kisiwani huku mtaro ukiwa umehamia shambani kwa mtu.

Zibua Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, kwa kuwa mvua za kwanza ndizo zinazosomba uchafu wa miezi yote ya kiangazi. Tope lizolewe siku hiyohiyo. Likiachwa ukingoni linarudi mtaroni, na umelipa vibarua bure.

Gereji na sehemu za kuosha magari zinahitaji chemba ya kunasa mafuta. Mafuta huelea, basi bomba la kutokea lianzie chini ya maji kwa kiwiko kinachotazama chini. Maji yatulie angalau nusu saa: yakiingia lita 20 kwa dakika, chemba ibebe lita 600. Sabuni nyingi huvuruga kila kitu, maana huyachanganya mafuta na maji yakapita pamoja, hata chemba ikiwa nzuri namna gani. Oili chafu ya injini isiingie humo kabisa. Ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko. Kuimwaga barabarani ili kutuliza vumbi ni kuipeleka mtoni kwa kuchelewa. Na ukikuta gereji ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, usianze kuchora chemba: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda eneo hilo, mpelekee afisa mazingira taarifa kwanza.

Chemba ipimwe kwa fimbo kila wiki. Tope likifika robo ya kina, litolewe.