Swali la msomaji: vigeu viwili, hesabu moja

SWALI: Habari yenu. Mi najifunza Swift, lugha ya kuandika programu, natengeneza app ya risiti za duka hapa Nakuru. Nina vat (ile kodi) na jumla, zote zinatoka kwa hesabu moja, lakini nimeandika kloja mbili (vipande vya programu vinavyoitwa vifanye kazi) karibu zinafanana. Naweza kuzijaza zote kwa mpigo? Na ndani ya klasi (kiolezo cha kuundia vitu) je?

JIBU: Unaweza ndugu, na tena fanya hivyo, maana hesabu ikiandikwa mara mbili siku moja utabadilisha huku usahau kule na risiti ya mteja itasoma vibaya. Acha kloja irudishe tapli, yaani thamani kadhaa zilizofungwa pamoja, upande wa kushoto uifungue:

let (vat, jumla) = {
  let bei = 2500.0
  let v = bei * 0.16
  return (v, bei + v)
}()

Hapo vat ni 400 na jumla 2900. Angalia sana yale mabano ya mwisho, (), ndiyo yanaiita kloja ifanye kazi, ukiyasahau unakuwa umeshika kloja yenyewe badala ya majibu yake na kompaila (inayotafsiri kodi yako iwe programu) itagoma. Kama unatumia Swift ya kabla ya 5.7 andika aina ya data kabisa, let (vat, jumla): (Double, Double), kwa sababu zile za zamani hazikuweza kubahatisha aina ya kloja yenye mistari mingi.

Sasa klasi, hapo ndo wengi wanakwama. Mtindo huohuo unakubali kwenye propati (kigeu cha ndani ya klasi), ila kama bei nayo ni propati ya klasi hiyohiyo kloja haiioni, sababu kitu chenyewe bado hakijaundwa. Unajaribu kuweka lazy mbele, neno la kuchelewesha hesabu, inakataa pia, lazy haifungui tapli. Dawa ninayoipenda mimi ni kuacha tapli nzima iwe propati moja yenye majina:

lazy var malipo: (vat: Double, jumla: Double) = {
  let v = self.bei * 0.16
  return (v, self.bei + v)
}()

Halafu unasoma malipo.vat na malipo.jumla, basi. Lakini kuwa makini, lazy inapiga hesabu mara moja tu pale inaposomwa mara ya kwanza, so bei ikibadilika baadaye malipo hayabadiliki. Kwa duka ambalo muuzaji anaweza kurekebisha bei kabla ya kuprinti, toa lile lazy, toa = na mabano ya mwisho, iwe propati inayohesabu upya kila ukiisoma.