Gundi ya kuchanganya: kwa mnaoanza kuunda majahazi madogo

Jahazi langu la tatu la mfano lilinunuliwa, na baada ya wiki mbili likarudi. Mteja alikuwa ameliacha garini, vioo vimefungwa, jua la Lindi la saa saba mchana. Mlingoti ulikuwa umelala kuelekea tezi, yaani nyuma, kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Haukuvunjika. Gundi ya chini ndiyo iliyolainika, kamba nilizokuwa nimezikaza zikauvuta taratibu hadi ukainama.

Gundi ile ilikuwa epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, rezini na hadena inayoigandisha, na ilikuwa ya dakika tano. Niliichagua kwa sababu pakiti iliandikwa "nguvu" kwa herufi kubwa, na kwa sababu nilikuwa na haraka. Tangu siku hiyo vijana wanaokuja kibandani kwangu hapa Mikindani nawaambia: ukifika dukani usiulize gundi ipi ina nguvu, uliza inakupa muda gani. Ya dakika tano ni nzuri kwa vitu vidogo visivyovutwa: nanga, pipa la maji, kijiti cha bendera. Mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu za jahazi), mlingoti na usukani vinataka ile ya polepole, inayokuachia saa moja na zaidi ya kupanga na kusahihisha, kisha unaiacha mpaka kesho yake. Ile ya haraka huwahi kulainika ikipata joto, na joto huku kwetu hatuliombi.

Hapo kuna jambo pakiti haikuambii vizuri. Muda ulioandikwa umepimwa kwenye nyuzijoto 23 hivi. Sisi Desemba na Januari tunafanyia kazi kwenye 31. Joto likipanda kwa nyuzi kumi, gundi hukauka karibu mara mbili upesi zaidi, kwa hiyo zile dakika tano hesabu ni tatu. Tena gundi yenyewe inazaa joto inaposhikana. Ukiikoroga nyingi kwenye kikombe ikabaki lundo, inajipasha, inafuka moshi, inageuka jiwe mkononi. Mimi nakorogea juu ya kipande cha kigae na kuitandaza iwe nyembamba. Inapoa, na muda unaongezeka bila gharama.

Sasa hadena. Hapa pwani wengi tumejifunza kwa kuwatazama mafundi wa boti za faiba, na wao wakiwa na haraka wanaongeza matone ya hadena. Kwao inakubalika ndani ya mipaka, kwa sababu rezini ya faiba ni polyester na hadena yake ni asilimia moja au mbili tu, kama hamira kwenye maandazi. Epoksi si hivyo. Hadena yake ni sehemu ya unga wenyewe. Ukiizidisha, ile iliyozidi haina wa kushikana naye, na kiungo kinabaki kama mpira au kinanata mwezi mzima. Za tyubu mbili kwa kawaida ni nusu kwa nusu: kamua mistari miwili yenye urefu na unene sawa. Za chupa kubwa zina vipimo vyake, mbili kwa moja, nyingine tano kwa moja, na lazima usome kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana havitoi jibu moja. Nunua mabomba mawili ya sindano famasi, toa sindano, moja liandike R na jingine H, na yasibadilishane kazi hata siku moja.

Koroga dakika nzima kwa saa, si kwa kukadiria. Kwangua pembeni na chini. Nikikuta mahali pananata kesho yake, mara nyingi ni pale nilipopakaza mabaki ya pembeni ambayo kijiti hakikuyafikia.

Ubao nao una tabia. Mvule na mninga havinisumbui sana. Mpingo ndio mwenyewe. Ni mzito hadi unazama majini, umebana, na una mafuta ndani. Wachongaji wa Kimakonde wanaupenda ung'ae, lakini uso unaong'aa ni adui wa gundi. Pale panapounganishwa sugua kwa msasa namba 80 mpaka pakwaruzike, futa vumbi, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni. Kitambaa kitatoka na weusi wa zambarau. Geuza upande, futa tena, mpaka rangi ipungue. Gundisha papo hapo, ndani ya robo saa, kwa sababu ukiuacha usiku kucha mafuta yanarudi juu. Asetoni iwe tupu. Ile ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta ya kulainisha, na utakuwa unapaka kile unachokiondoa.

Ukibana, usibane kama unakamua nazi. Epoksi inataka kubaki katikati; ukiikamua yote kiungo kinakauka njaa. Mipira ya baiskeli iliyokatwa utepe inatosha. Weka mfuko wa nailoni kati ya kibanio na ubao, epoksi haiushiki. Penye uwazi changanya gundi na unga wa msumeno wa ubao uleule, na usijidanganye kwamba itajaza yenyewe bila kudondoka.

Masika, juu ya gundi iliyokauka unaweza kukuta utando kama mafuta. Ni unyevu wa hewa umeigusa hadena. Osha kwa maji na kitambaa, kausha, ndipo upige msasa na vanishi. Vanishi usiiache, jua linaila epoksi.

Mikono vaa glavu. Mwili unaweza kuanza kuikataa epoksi, ngozi ikawa inawasha kila ukiigusa, na hali hiyo haiondoki. Ikikugusa, sabuni na maji. Asetoni kwenye ngozi inaipeleka ndani zaidi. Na vifuniko vya tyubu usivichanganye, cha rezini kwenye hadena. Nimetupa tyubu mbili zilizojaa kwa kosa hilo la sekunde moja.

Ule mlingoti niliung'oa kwa joto lilelile lililouangusha. Niliazima drai kwa dada wa saluni ya jirani, akaniuliza nani anasukwa huko kwangu. Dakika chache za hewa ya moto, ukatoka mzima. Nikakwangua tundu, nikafuta kwa asetoni, nikaweka gundi ya polepole, na kamba sikuzigusa mpaka siku ya tatu.