Jarida la kampuni kwa msomaji anayesubiri daladala

Anayetoka zamu saa 10 jioni na kukaa kituoni kusubiri daladala ana dakika kumi hivi za kusoma. Jarida la kampuni yake likiwa mkononi, kwanza atatafuta picha ya mtu anayemjua, kisha jina lake au la mwenziwe wa idara, kisha habari yoyote inayogusa zamu, mshahara, likizo au usafiri. Asipoyaona hayo katika kurasa mbili za mwanzo, gari ikija atalikunja, na huenda asilikunjue tena. Ushauri ulioko hapa chini wote umepimwa kwa dakika hizo kumi. Tunazungumzia hasa jarida la wafanyakazi la kampuni ya kadiri, tuseme watu 60 hadi 150: hoteli ya pwani ya mashariki, kampuni ya viungo yenye ghala Unguja na watu Pemba, kampuni ya boti, skuli binafsi.

Mhariri awe mmoja, na awe na kauli ya mwisho juu ya kinachoingia na kinachobaki nje. Jarida linalopitishwa na kamati ya watu saba hutoka bila ladha, kwa sababu kila mmoja huondoa sentensi moja aliyoiogopa. Mhariri huyo awe na mjumbe mmoja katika kila idara: jikoni, mapokezi, stoo, boti, na afisi ya Pemba. Mjumbe hahitaji kujua kuandika, anahitaji kuulizwa vizuri. Ukimwuliza "Mna habari gani?" atajibu "Njema," na mazungumzo yameishia hapo. Muulize maswali matatu: nini kimebadilika kazini kwenu tangu mwezi uliopita? Jambo gani wageni au wateja wanaliulizia kila siku? Nani amefanya kitu ambacho idara nyingine ingefaidika kukijua? Majibu ya swali la pili ndiyo yanayozaa habari nzuri kuliko zote, na ndiyo ambayo wahariri wengi hawayaulizi.

Toa jarida mara moja kwa mwezi, au kila miezi miwili kama watu hawafiki 60. Wiki ya kwanza kusanya, ya pili andika, ya tatu hakiki na kupanga kurasa, ya nne chapisha. Siku nzuri ya kulitoa ni siku ya pili baada ya mshahara. Siku ya mshahara yenyewe akili ziko kwengine, na Ijumaa watu wanawahi msikitini kisha wanawahi nyumbani. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupungua, kwa hiyo toleo lake liwe na kurasa nne tu na litoke mapema mwezini. Kwa hoteli, miezi ya masika, Aprili na Mei, wageni ni wachache na mafunzo na matengenezo ni mengi. Hapo ndipo pa kuweka makala ndefu za kazi, ambazo msimu ukichanganya hakuna atakayepata nafasi ya kuzisoma.

Habari moja, kazi moja

Ukurasa wa A5, yaani nusu ya karatasi ya A4, wenye herufi za ukubwa wa 11 hubeba maneno kama 250 bila picha. Kurasa nne zenye picha hubeba kama 700. Hizo ni habari tano au sita, si kumi na mbili. Ukizijaza zaidi utalazimika kupunguza herufi hadi 9, na wazee wa kampuni hawatasoma kitu.

Kasoro kubwa ya majarida yetu ni kuandika habari kama muhtasari wa kikao. Tazama hii: "Mnamo tarehe 12 ya mwezi huu, uongozi wa kampuni uliendesha zoezi la utoaji wa mafunzo ya uzimaji moto kwa wafanyakazi wake, ambapo washiriki waliupongeza uongozi kwa hatua hiyo." Maneno 28, na hakuna hata moja litakalomsaidia mpishi. Sasa tazama hii: "Mafuta yakiwaka jikoni, usimwage maji. Zima gesi kama unaifikia, funika sufuria kwa mfuniko, uiache hapohapo bila kuibeba. Kila jiko letu sasa lina blangeti la moto ukutani, upande wa mlango." Tarehe ya mafunzo na majina ya waliohudhuria yanaweza kufuata mwishoni, katika mstari mmoja. Habari ile ile, lakini ya pili mtu ataisimulia nyumbani.

Njia ya kufika hapo ni kuandika kwanza sentensi inayojibu swali hili: msomaji akimaliza, atajua au atafanya nini ambacho jana hakukijua au hakukifanya? Sentensi hiyo ndiyo iwe ya kwanza. Ukikosa jibu, habari hiyo haina nafasi jaridani hata kama bosi ameipenda.

Vichwa vya habari navyo vitendwe hivyo hivyo. "Taarifa kuhusu fedha za safari" haimwambii mtu kitu. "Stakabadhi za safari zirudishwe ndani ya siku 7" imeshatoa habari kabla hajaisoma. Kichwa kisizidi maneno manane, na kiwe na kitenzi.

Kiswahili cha afisini kina ugonjwa wa kugeuza vitenzi kuwa majina: "utekelezaji wa zoezi la uboreshaji wa huduma za usafirishaji wa wafanyakazi". Virudishe kuwa vitenzi: "Tumeongeza gari moja ya kuwachukua wafanyakazi wa zamu ya usiku." Jihadhari pia na "imeamuliwa kuwa" na "imebainika kuwa". Nani ameamua? Msomaji asipotajiwa, atajitafutia mwenyewe, na barazani atapewa jina ambalo pengine siye. Kisha isome kwa sauti mbele ya mtu asiye wa idara hiyo. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, na wasomaji wetu husikia mara moja sentensi iliyofasiriwa kutoka lugha nyingine, hata wasipoweza kueleza kosa liko wapi. Kama kampuni ina wafanyakazi wageni, waandalie toleo lao peke yake. Kurasa zenye lugha mbili ubavu kwa ubavu hula nusu ya nafasi na kumchosha kila mmoja.

Majina, saa, tarehe na vipimo

Hapa ndipo jarida linapopata au kupoteza imani ya watu, kwa hiyo pape muda mwingi kuliko pengine popote.

Kampuni ya watu 80 haikosi akina Khamis watatu na akina Fatma wanne. Andika majina matatu, la mtu, la baba na la babu, pamoja na idara yake. Tahajia ichukuliwe kwa mwenyewe: kuna anayeandika Mohamed, kuna Mohammed, kuna Muhammad, na kila mmoja analo lake kwenye kitambulisho. Aliyeandikwa vibaya siku ya kusifiwa atakumbuka kosa zaidi kuliko sifa.

Saa ni mtego mkubwa zaidi. "Mafunzo yataanza saa 8:00" huandikwa na meneja mgeni akikusudia asubuhi, na wafanyakazi wakafika saa nane mchana, saa sita baadaye. Tumia saa za Kiswahili jarida zima na kila mara taja kipindi: saa 2:00 asubuhi, saa 8:00 mchana, saa 2:00 usiku. Ratiba ya boti inayosema 07:00 igeuze iwe saa 1:00 asubuhi kabla ya kuiingiza. Usiache mifumo miwili ikakutana kwenye ukurasa mmoja.

Sikukuu zinazofuata mwezi mwandamo zisichapwe kana kwamba tarehe imeshathibiti. Andika siku zote mbili, "Jumatatu au Jumanne, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi", na chini yake weka ratiba mbili za zamu, moja kwa kila siku. Ukiandika moja tu na mwezi ukakukhalifu, usiku ule simu ya meneja wa zamu haitapumua.

Na vipimo: tumia kile ambacho msomaji anakitumia mkononi. Wachumaji karafuu Pemba huhesabu pishi, ghala huhesabu kilo, uhasibu huhesabu shilingi. Habari moja ya msimu inayowahusu wote watatu itaje vyote vitatu, na iseme wazi kama kilo ni za karafuu mbichi au kavu, kwani mbichi ikikauka hubakiwa na kama theluthi ya uzito wake. Kwa asilimia, weka na idadi. "Ajali zimepungua kwa asilimia 50" kwa kampuni ndogo huenda ni kutoka ajali mbili hadi moja, na wafanyakazi wanalijua hilo.

Harusi, watoto waliozaliwa na misiba husomwa kuliko chochote, basi viwe na sehemu yake ya kudumu, ukurasa wa mwisho. Msiba usichapwe kabla ya familia kuridhia, na maradhi ya marehemu yasitajwe.

Neno la mkurugenzi na habari chungu

Mkurugenzi akitaka ukurasa mzima, usimkatalie tu, mpe maswali matatu: nini kimebadilika, kwa nini, na mfanyakazi afanye nini kuanzia lini? Majibu yatatosha maneno 120. Yaweke ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza ni wa watu wa kazi.

Habari chungu, kama zamu kupunguzwa au posho kuchelewa, zisemwe kwanza uso kwa uso. Jarida lisiwe la kwanza kumwambia mtu kwamba kipato chake kinapungua. Lakini baada ya kikao lazima liandike: kiasi gani, hadi lini, na swali apelekewe nani. Jarida likinyamaza juu ya jambo ambalo kila mtu analizungumza, watu huacha kuliamini hata linaposema kweli juu ya mengine.

Weka pia sanduku la maswali lenye kufuli karibu na mahali pa kusaini mahudhurio. Jibu angalau maswali mawili kila toleo, na ukianza na jepesi, la pili liwe zito. Kama jibu ni hapana, andika hapana, na sababu yake.

Picha na karatasi

Picha ya watu kumi waliojipanga na vyeti haina anayeitazama isipokuwa hao kumi. Piga mikono ikiwa kazini: anayefunga kamba gatini, anayechagua makonyo kwenye karafuu, anayetandika kitanda. Piga kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, maana jua la utosini hutia kivuli machoni. Omba ruhusa kabla, na asiyetaka asibembelezwe. Wapo wasiopenda sura zao zienezwe, hasa kina mama na dada zetu, na hiyo ni haki yao. Picha itumwe kwa WhatsApp kama faili. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na kwenye karatasi itatoka na ukungu.

Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa iwe 4, 8 au 12. Ukiandika sita, mbili zitabaki tupu. Kwa toleo la simu, faili la PDF la ukubwa wa A5 na safu moja husomeka bila kuvutavuta. Lile la A4 lenye safu mbili humchosha mtu vidole. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba ya kampuni, kwa hiyo siku ya ajira mpya mwambie mtu aihifadhi. Mzigo wa Pemba upande boti siku moja kabla, ili aliyeko Wete alipate siku ile ile na aliyeko Mjini.

Kwa wateja

Jarida la wateja hutumwa kwa barua pepe, na kanuni yake ni kuomba idhini kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anwani aliyoiacha mgeni mapokezini kwa ajili ya ankara si ruhusa ya kumtumia jarida. Katika mstari wa mada simu huonyesha herufi kama 35 tu za mwanzo, basi neno zito litangulie. Barua inayozidi kilobaiti 102 Gmail huikata chini, na pale chini ndipo kiungo cha kujitoa kilipo. Tangu Februari 2024 Gmail humtaka kila mtumaji awe na rekodi ya SPF au DKIM, yaani uthibitisho kwamba barua imetoka kwake kweli, kwenye kikoa chake (jina lake la mtandaoni). Mwambie fundi wa mtandao aziweke zote mbili. Idadi ya "waliofungua" usiitegemee sana: tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kuhesabu barua kuwa imefunguliwa hata kama mtu hajaitazama. Hesabu waliojibu. Na mgeni aliyewahi kulala Paje anataka kujua kusi limeanza kuvuma lini na kama maji yanatosha kwa mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara, si kwamba "tunayo furaha kuwatangazia".

Siku tatu baada ya jarida la wafanyakazi kutoka, muulize mtu mmoja kutoka kila idara: umesoma nini? Usimtajie vichwa. Andika anachokumbuka. Kama toleo lilitaka watu wafanye jambo, mathalani kurudisha fomu za bima, hesabu fomu zilizorudi kabla ya siku ya mwisho. Kosa lililogunduliwa lisahihishwe toleo linalofuata, ukurasa ule ule lilipotokea, kwa herufi za ukubwa ule ule, na jina la mtu sasa liandikwe sawa.