Shangazi, nijiunge na jeshi la akiba?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 21, nasomea uuguzi, mwaka wa pili. Jeshi la akiba linaandikisha vijana, na afisa aliyekuja chuoni alituambia kazi ni mwisho wa wiki mmoja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, tena wanasaidia ada. Rafiki yangu wa karibu ameshajiandikisha. Natamani sana: nataka ukakamavu, nataka kuhudumu, na hela kwa kweli nazihitaji. Mama hataki hata kusikia, akiziona fomu analia. Jambo jingine, nina pumu ya tangu utotoni. Haijanisumbua kwa miaka mitatu, na afisa alisema si lazima niiandike. Anataka jibu Ijumaa. Nijiunge au nisijiunge? Niko Njia Panda.*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama pale kwenye pumu. Nianzie hapo basi, maana hapo sina mjadala na wewe: iandike. Anayekuambia uifiche hatakuwepo siku utakayokimbia vumbini na mzigo mgongoni, uso umefunikwa na barakoa ya gesi. Watakaokuwepo ni wenzako, na watakuwa wanakutegemea. Fomu ya afya unaisaini kwa jina lako wewe, si la afisa. Ikigundulika baadaye kwamba ulidanganya, atakayeitwa kujieleza ni wewe, na unaweza kupoteza utumishi pamoja na hiyo ada unayoitumainia. Tena wewe ni muuguzi mtarajiwa. Unajua vizuri mgonjwa anayeficha historia yake anavyojihatarisha yeye na anavyompotosha anayemtibu. Huenda daktari wa jeshi akisikia umekaa miaka mitatu bila kubanwa kifua atakupima na kukupitisha. Huenda atakukatalia. Yote mawili ni heri kuliko kuingia na siri kifuani. Huyo afisa anaweza kuwa mtu mwema, lakini kazi yake ni kuandikisha watu, na kwa neno lile moja mimi nimeshamtoa kwenye orodha ya washauri wako.

Sasa tuje kwenye huo mwisho wa wiki mmoja kwa mwezi.

Hajakudanganya. Marekani ndivyo utumishi wa akiba unavyoelezwa miaka yote, na Uingereza askari wa akiba wa jeshi la nchi kavu hutarajiwa kutoa siku 27 hivi kwa mwaka. Lakini hayo ni mazoezi tu. Neno lenyewe linakueleza mambo yalivyo: akiba. Hakuna anayeweka akiba ili awe anaitazama. Inawekwa kwa ajili ya siku ya shida, na siku hiyo ikifika inatolewa. Ndiyo maana swali la kama utaziweza hizo Jumamosi na Jumapili halinisumbui. Utaziweza, na pengine utazipenda. Linalonisumbua ni kama unaikubali ile siku watakayokuita.

Siku hiyo huja kweli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliwaita askari wake wa akiba kwa mamia ya maelfu katika miaka iliyofuata. Waalimu, mafundi, madereva na wauguzi waliacha kazi zao wakapelekwa Iraq na Afghanistan, wengine zaidi ya mara moja. Septemba 2022 Urusi ilitangaza kuwaita watu 300,000 kutoka akiba yake, na watu waliokuwa wameendelea na maisha yao wakajikuta wanaaga familia kwa haraka. Finland ilifanya jambo ambalo mimi naliheshimu: mwaka 2015, bila vita yoyote mlangoni, iliwaandikia barua watu wake wa akiba wapatao 900,000, kila mmoja akaambiwa nafasi yake itakuwa ipi mambo yakiharibika. Nakuomba na wewe upate barua ya namna hiyo kabla hujasaini, hata kama itabidi ujiandikie mwenyewe. Keti uandike: wameniita, naondoka baada ya wiki mbili, sijui narudi lini. Mtihani nimeuacha wapi? Nani anabaki na mama? Kodi inalipwa na nani? Halafu usome ulichokiandika, uone moyo unasemaje.

Nakusukuma kwenye zoezi hili kwa sababu nimeona nyumba ambayo haikulifanya. Mdogo wangu wa kiume alijiunga na jeshi la akiba akiwa na miaka 23. Miaka minne ilipita salama: Ijumaa jioni anaondoka na begi lake, Jumapili anarudi amechoka, buti zimejaa tope, anacheka. Sote tukazoea. Mwaka wa tano akaitwa, mkewe akiwa na ujauzito wa miezi mitano, na akakaa huko miezi kumi na moja. Mtoto alizaliwa, akajua kukaa, akaota jino la kwanza, baba yake akimwona kwenye simu. Alirudi mzima, namshukuru Mungu, na ukimuuliza leo hatakuambia anajuta. Ila mimi ndiye niliyekesha na wifi yangu usiku wa uchungu, na alichoniambia sijakisahau: "Hakuwahi kuniambia kwamba hili linaweza kutokea." Hakumficha, mwanangu. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuliwaza. Alijiunga kwa ajili ya zile Jumapili.

Kwako wewe kuna la ziada, kwa sababu ya fani yako. Usidhani uuguzi utakuweka nyuma wakati wengine wanaitwa. Vikosi vya tiba ni miongoni mwa vinavyotegemea sana watu wa akiba, kwa hiyo watu wa fani yako huwa wanahitajika mapema. Ni kweli Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda wahudumu wa afya vitani, na inawaruhusu kubeba silaha nyepesi za kujilinda wao na wagonjwa wao. Soma tena nusu ya pili ya sentensi hiyo. Utafundishwa bunduki, na inawezekana ukatakiwa kuitumia. Je, hilo umeshalizungumza na nafsi yako? Wapo wanaoliweza kwa dhamiri safi, na wapo wasioliweza, nao ni watu wema vilevile. Jibu hilo usiliazime kwa mtu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo husahaulika kwa sababu watu wakiwaza jeshi huwaza adui wa mbali. Ukishakula kiapo, huchagui unakopelekwa wala unakabiliana na nani. Mei 4, 1970, askari wa National Guard ya jimbo la Ohio, kikosi ambacho ni cha akiba, walifyatua risasi kwenye Chuo Kikuu cha Kent State, ambako wanafunzi walikuwa wakipinga vita. Wanafunzi wanne walikufa, tisa wakajeruhiwa. Wengi wa askari wale walikuwa vijana, hawakuwapita wanafunzi wale kwa umri mkubwa. Na vikosi vya aina ileile, mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans, vilipeleka zaidi ya watu 50,000 kwenye maeneo yaliyoathirika, wakawatoa watu kwenye mapaa na kuwagawia maji. Wote hao walikuwa wamekula kiapo. Nakutajia yote mawili kwa sababu unasema unataka kuhudumu, na ninakuamini. Ninachotaka ni uelewe kwamba anayeamua huduma hiyo itakuwa ipi hutakuwa wewe.

Kuhusu hela sitakuonea haya wala sitakusema. Kuhitaji ada si aibu. Ila jiulize: kama ada yote ingelipwa kesho na mtu mwingine, bado ungezijaza zile fomu? Ukijibu ndiyo bila kusita, basi hela ni nyongeza tu. Ukisita, jua kwamba unakopa, na deni hilo linalipwa kwa miaka. Marekani anayejiunga mara ya kwanza hujifunga kwa jumla ya miaka 8. Sehemu ya miaka hiyo anaweza kuwa nyumbani bila hata kwenda mazoezini, lakini jina lake bado liko kwenye orodha. Kwako iwe minane au minne, ihesabu kwa umri wako. Miaka 8 kutoka leo utakuwa na 29. Huenda utakuwa na mume, mtoto, kazi ya zamu hospitalini. Anayesaini leo anamsainia na mwanamke huyo ambaye hujakutana naye bado.

Rafiki yako hilo ni lake. Hata mkiingia pamoja, jeshi haliahidi kuwaweka pamoja.

Mama nimemwacha nyuma kwa makusudi, maana najua ndiye anayekuuma zaidi. Una miaka 21, ruhusa yake si sharti. Lakini kwenye fomu zile kuna mahali pa kuandika jina la mtu wa karibu wa kupewa taarifa likitokea lolote, na bila shaka utaandika lake. Mama huyo analia kwa sababu ameshaifikia siku ambayo wewe hujaifikia. Usimbembeleze kwa kumwambia ni mwisho wa wiki mmoja tu, atakuona bado mtoto. Mpelekee mkataba wenyewe, msome pamoja, muulize anachokiogopa hasa, kisha unyamaze umsikilize. Labda ana kisa ambacho hajawahi kukusimulia. Akikuona unajua unachokiingia, anaweza asikubali, lakini atalia kilio kingine.

Umeniuliza nijiunge au nisijiunge. Jibu langu ni hili: si Ijumaa hii, na si kabla hujamaliza chuo. Mafunzo ya awali peke yake katika jeshi la Marekani ni wiki 10, na baada yake kuna mafunzo ya fani. Chuo chako kitakushikia nafasi? Ukiitwa katikati ya mwaka wa tatu, mitihani yako inahifadhiwa? Nchi nyingine zina sheria za kulinda kazi ya askari wa akiba anaporudi, kama ile ya Marekani ya 1994, lakini kwanza ulize kwenu ikoje, na inamhusu mwanafunzi au la. Zaidi ya hayo, jeshi litaendelea kuhitaji wauguzi. Marekani muuguzi mwenye shahada na leseni huingia kama afisa, kwa cheo na mshahara tofauti kabisa na wa kuruta wa mwaka wa pili chuoni. Uliza kama kwenu nako kuna mlango huo. Ukiwa umehitimu, ukaandika pumu yako waziwazi ukapitishwa, ukaisoma ile barua yako mwenyewe moyo usitetereke, nenda mwanangu, na mimi nitajivunia kukujua.

Ijumaa afisa akipiga simu, mwambie hujawa tayari, na umwombe nakala ya mkataba mzima ukae nayo nyumbani. Usikubali karatasi ya matangazo badala yake. Muulize mambo matatu tu: nimefungwa miaka mingapi jumla, naweza kuitwa kwa muda gani mfululizo, na nikiacha mapema narudisha nini. Majibu yake uyatafute ndani ya mkataba, mstari kwa mstari. Akisema nafasi zitaisha, ziache ziishe.

Kisha nenda kamwone daktari wa kifua upimwe, kwa ajili yako mwenyewe. Ukipata majibu niandikie tena.

Shangazi yako